Analisha Ngozi Yake

Niliwahi kumwambia mzungu mmoja kwamba konokono wa kilima chetu cha Sagalla hupiga mluzi mvua ikikaribia, naye akakaa juu ya jiwe saa nzima, daftari mkononi, akisubiri. Mvua ikanyesha. Konokono hawakupiga mluzi. Nikamwambia leo wana mafua.

Mzungu huyo aliitwa Bwana Lathbury. Hakuja kuwinda ndovu wala kutafuta madini kama wale waliokuwa wakizunguka Kishushe na nyundo zao. Yeye alitafuta vitu ambavyo sisi tulivikanyaga tu: vyura, mijusi, konokono, jongoo. Kila kimoja alitaka kujua ni nani, ndugu zake ni akina nani, na kama kinapatikana kilima hiki peke yake au hata kile cha pili. Alipiga hema lake chini ya kilima, upande wa Voi, mwaka wa hamsini na nne, akaniandika kazi. Mimi nilikuwa nimechoka kubeba mizigo ya watu pale stesheni, na kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyoachwa na abiria, Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza cha kuchechemea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mimi napindua mawe na magogo yaliyooza. Nikishika kitu nakileta, kinatiwa kwenye chupa ya spiriti, kinafungwa uzi wenye kikaratasi kigumu cha namba. Namba inaandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia ndani ya spiriti. Halafu kwenye daftari kila namba inapata mstari wake: kimepatikana wapi, lini, na nani, na mwisho kabisa, wenyeji wanasema nini juu yake. Hapo penye wenyeji wanasema nini ndipo nilipopapenda. Wenyeji walikuwa mimi.

Sasa, kwetu kuna mnyama wa udongoni, urefu wake kama shubiri, mwili una mikunjo kama amevalishwa pete kutoka kichwani hadi mkiani. Ukimwona haraka utasema nyungunyungu. Akifungua kinywa unaona meno, utasema nyoka, na wengi wetu tulisema nyoka na kumkata kwa jembe. Bwana Lathbury alimpasua mmoja kwa kisu kidogo, akanionyesha uti wa mgongo mwembamba kama uzi wa buibui.

"Hii si nyoka," akasema. "Hii ndugu ya chura."

"Chura bila miguu, Bwana?"

"Ndiyo. Bila miguu."

"Aliisahau wapi?"

Munyao, dereva wake, Mkamba mmoja asiyecheka ovyo, alicheka hadi akaangusha sufuria. Bwana Lathbury hakucheka. Na mimi, badala ya kuishia hapo, nikaona mnyama huyu ameonewa. Nikamrudishia miguu. Nilimkata mjusi wa ukutani miguu ya mbele, nikaishona kwenye shingo ya mnyama yule kwa uzi mweusi wa mama yangu, mshono mzuri, mtu asingeuona bila kutafuta. Nikamtia kwenye chupa, nikamfunga namba arobaini na moja.

Nilidhani atagundua siku hiyo hiyo tucheke pamoja. Hakugundua. Alimchora pande zote. Hakulala vizuri siku mbili kwa furaha. Akamfunga kwenye pamba na kumpeleka ng'ambo kwa wakubwa wa elimu hiyo, na mimi nikakosa pa kusemea. Miezi minne baadaye barua ikarudi. Sikuisoma, lakini Munyao aliniambia mzungu aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena.

Hakunifukuza. Hakuna mtu mwingine aliyejua wanyama wale wanakaa wapi. Aliniita tu, akafungua daftari, akafuta kwa mstari mrefu kila neno lililotoka kwangu: konokono, mluzi, yote.

"Mkono yako, mimi nachukua," akasema. "Mdomo yako, hapana. Tena hapana."

Basi tukaendelea hivyo, mimi na mikono yangu.

Mama yangu aliitwa Mama Mwandawiro. Mwandawiro ni mimi. Ndivyo ilivyo kwetu, mwanamke akishazaa jina lake la usichana linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto. Kwa hiyo kila uongo niliousema ulipanda kilima ukiwa na jina lake. Akienda mtoni wanawake walimwuliza, "Mama Mwandawiro, konokono wanasemaje leo?" Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwahi kunikemea. Lakini najua aliwahi kubadilisha saa ya kwenda mtoni.

Mvua za masika ya hamsini na tano zilipoanza, nilipanda nyumbani Jumapili nikamkuta amekaa mlangoni, amejifunika shuka mbili. Kifua kilikuwa kimemshika tangu Januari. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa na mishipa. Nilimwambia twende hospitali, akaniambia hospitali iko chini na yeye yuko juu. Halafu akasema:

"Yule mnyama wa mzungu wako. Mnamwita nani?"

"Ndugu ya chura, mama."

"Na wengine?"

"Wengine nyoka. Wengine nyungunyungu."

"Wote hawajui," akasema. "Nyungunyungu halei. Nyoka halei. Chura hutaga akaenda zake. Huyu analea."

Akanisimulia. Kwenye kona ya shamba lake, chini ya kisiki cha mgomba kilichooza, alikuwa amekuta shimo la ukubwa wa ngumi. Ndani, mnyama amejikunja, na juu yake watoto, wembamba kama njiti za kiberiti. Mama yangu alidhani wanamla. Walikuwa wanambandua ngozi kwa meno, kipande kwa kipande, naye ametulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Akafunika. Siku ya tatu akafunua. Mnyama alikuwa hai, mwenye ngozi mpya, rangi yake imefifia kama maziwa yaliyotiwa maji, na watoto wamenenepa. Baada ya siku chache wakambandua tena. Alifunua na kufunika mara tano, kwa mikono, bila jembe.

"Hana maziwa," mama akasema. "Anawapa alicho nacho."

Mimi nimetunga mambo mengi, lakini hilo nisingeweza kulitunga. Mama alikuwa amezaa saba, akabakiwa na mimi peke yangu, na ile njaa ya mwaka wa arobaini na tatu nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona kwamba sufuria ikipakuliwa, yeye hula akiwa jikoni. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba jikoni hakukuwa na kitu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Niliwaambia akina Peris baada ya kanisa." Akakohoa, nikasubiri. "Walicheka. Peris akasema, sasa tumejua Mwandawiro uongo aliurithi wapi."

Peris alikuwa mkuu wa akina mama wa kanisa, mwanamke mwema, mwenye sauti ya kuita mbuzi. Hakuwa na nia mbaya. Lakini niliona vile mama alivyolitamka neno lile, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mimi sijawahi kusema uongo," akasema. "Maisha yangu yote, hata kwa mtoto anayelia. Nataka mzungu wako aandike kwenye kile kitabu. Aandike mama fulani wa Sagalla ameona hivi. Nikishaandikwa, watanyamaza. Sitaki kuzikwa na jina hilo."

Hakutaka kitu kingine. Hata dawa hakuitaka kama alivyotaka mstari ule.

Nilishuka usiku huo huo, na asubuhi nikamwambia Bwana Lathbury kila kitu. Aliendelea kunoa penseli yake.

"Watoto nakula ngozi ya mama," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Na konokono napiga mluzi."

Jumatatu hiyo hiyo nikamwomba. Jumanne nikamwomba. Jumatano nilipiga magoti mbele ya hema, mtu mzima, Munyao akaondoka pale kwa aibu. Nilimwambia asiniamini mimi, aamini macho yake. Apande, afunue kile kisiki, atazame. Kama ni uongo anifukuze na aninyime hata mshahara wa mwezi. Mzungu akanitazama sana. Akasema, "Jumamosi. Mimi naamini macho tu."

Nilimtuma mtu wa Sagalla aliyekuwa anatoka sokoni Voi amwambie mama kwamba mzungu anakuja Jumamosi. Ujumbe ulifika. Nilidhani nimefanya yote yanayotakiwa.

Lakini kwetu akina mama wa kanisa hulimiana kwa zamu. Mmoja akiugua, wengine hawasubiri kuitwa. Wanakuja na majembe yao, wanaimba, wanalima, wanakwenda. Waliposikia mzungu anapanda kwa Mama Mwandawiro, na shamba lake ni la mgonjwa, limejaa magugu, waliona aibu ni ya kilima kizima. Ijumaa alfajiri Peris alikuja na wanawake wanane. Mama alikuwa ndani, homa imempanda, hajui asubuhi wala jioni. Hakusikia wimbo wala majembe.

Jumamosi tulifika saa nne. Bwana Lathbury alikuwa mbele, miguu mirefu, mimi nyuma na begi la chupa. Tulipotokeza juu niliona shamba la mama na nikasimama. Lilikuwa limelimwa kama kitanda kilichotandikwa. Hakuna jani. Kona ile ya kisiki cha mgomba ilikuwa tuta zuri lililonyooka, na kisiki kimetupwa kando ya njia, kimepasuliwa. Kuku wa jirani walikuwa wakitembea juu ya udongo mpya, wakidonoa.

Peris alitoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwenye leso, uso umejaa furaha.

"Karibuni! Mwandawiro, umeona? Tumemlimia mama yako lote, lote. Hata ile kona yake ya nyoka aliyokuwa anaiogopa!"

"Hakuwa anaiogopa," nikasema.

"Ya nini basi aiache masika yote? Tulimkuta pale, mkubwa, na vijitoto. Mimi mwenyewe nilimkata. Vile vidogo kuku wamevimaliza." Akacheka. "Mzungu atatembea bila wasiwasi."

Bwana Lathbury hakuelewa Kisagalla, akaniuliza anasema nini. Nikamwambia. Alinitazama kwa jicho ambalo nilikuwa nimelizoea, lakini alipiga magoti pale kwenye tuta, sitamsingizia. Alichekecha udongo kwa vidole karibu saa moja, mimi upande mmoja na yeye upande wa pili. Tulipata kipande kimoja, urefu wa kidole, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia.

"Jembe nakata," akasema. "Mtoto hapana. Shimo hapana." Lakini alikitia kwenye chupa na kukifunga namba.

Ndipo mama alipoita kutoka ndani.

Bwana Lathbury aliinama akaingia, akavua kofia. Mama alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, amevaa leso yake ya kwenda kanisani; sijui aliifunga na nguvu gani. Peris na wanawake wengine wawili wakajaa mlangoni. Mama alisema yote kwa Kisagalla, taratibu, akionyesha kwa vidole: shimo ukubwa huu, watoto urefu huu, siku ya kwanza, siku ya tatu. Mimi nikafasiri. Sijawahi kufasiri hivyo. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza, hata kikohozi chake nilikisubiri kiishe ndipo niendelee.

Bwana Lathbury hakumtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Hii maneno ni yake ama ni yako?"

"Ni yake, Bwana. Muulize Peris, anajua Kiswahili."

Akamgeukia Peris. Peris alijaribu, Mungu amsamehe, alijaribu kweli. Akaanza, "Anasema, Bwana, yule nyoka, ananyonyesha watoto kwa... kwa ngozi..." na kicheko kikamponyoka, akajiziba mdomo kwa leso, na wale wawili nyuma yake wakaanza kutikisika mabega.

Basi. Niliona uso wa mzungu ukifunga. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na mgonjwa alikuwa mbele yake. Akatoa daftari, akatoa penseli, akaandika. Mama aliitazama ile penseli ikitembea, na uso wake, mimi siwezi kuueleza. Akafumba macho kidogo kama mtu aliyetua mzigo. Mzungu akanipa daftari nilitie kwenye begi, akainamisha kichwa kwa mama, akatoka kwenda kunawa mikono mtoni.

"Mwandawiro," mama akasema. "Nisomee. Peris asikie."

Nikafungua. Kiingereza kilikuwa kifupi, hata mimi wa magazeti ya kuokota sikuhitaji msaada. Kilisema: Bibi mzee, mgonjwa. Mfasiri ni mwanawe. Hakuna kilichoonekana.

Wanawake watatu mlangoni wananingoja. Mama ananingoja.

Nikasoma. "Leo, tarehe ishirini na tatu mwezi wa nne, hapa Sagalla, nimemsikiliza Mama Mwandawiro, mwanamke mkweli, mwenye macho kuliko wasomi. Ameona kwa macho yake mnyama wa udongoni akilea watoto wake kwa ngozi ya mwili wake. Jambo hili hakuna mtu wa kwetu aliyelijua. Nyungunyungu halei, nyoka halei, huyu analea. Nimeandika mimi, Lathbury, na limethibitika."

Kuku walisikika nje.

Peris alishusha leso kutoka mdomoni. "Kumbe ni kweli?" akasema polepole. "Imeandikwa?" Akatazama mikono yake. "Na mimi nimemkata! Mama Mwandawiro, nimemkata akiwa juu ya watoto wake, nami nikakucheka." Akaja akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama miguu, akalia, mwanamke yule mwenye sauti ya kuita mbuzi, akalia bila sauti. Wale wawili nao wakamwomba mama radhi, mmoja baada ya mwingine. Mama akawaambia imekwisha, hakuna kitu, nendeni mkapike, mzungu asiondoke na njaa.

Walipotoka akanyoosha mkono. "Nionyeshe ni wapi."

Nikamwekea daftari mapajani, nikamwonyesha. Akaweka kidole chake mwanzo wa mstari, akakipeleka pole pole mpaka mwisho, kama alivyokuwa akipima nafasi ya kupanda mahindi. Mstari mmoja na kipande.

"Haya ndiyo yote?"

"Ndiyo, mama. Kiingereza hubana."

Akafungua kurasa za nyuma. Hakujua herufi hata moja, lakini alitazama, akatazama, akarudi. "Hapa ameandika kirefu," akasema, kidole juu ya jongoo fulani wa kule Marungu. "Na hapa kirefu. Wewe umesoma kwa pumzi tano. Hiki ni cha pumzi moja."

Mara ya kwanza maishani mwangu, mdomo wangu ulikuwa mtupu.

"Kimesema nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, huku nimeinamia sakafu. Kifua chake kilipanda na kushuka na ule mlio wake.

"Na wewe," akasema, "wewe unaniamini?"

"Nakuamini, mama. Naapa mbele ya Mungu, nakuamini."

Akanitazama usoni, mashavu, macho, mdomo, bila haraka, bila hasira yoyote, kama alivyotazama shimo lile mara tano.

"Nitajuaje?" akasema.

Akafunga daftari, akanirudishia, akajilaza akielekea ukutani.

Alikufa Jumatano. Tulimzika Alhamisi, kwenye mvua. Baada ya mchungaji kumaliza, Peris aliomba aseme neno. Akasimama kando ya kaburi akatangazia watu wote wa kilima kwamba Mama Mwandawiro hakuwa mwongo, kwamba aliona kitu ambacho hata wazungu hawakukijua, na kwamba kimeandikwa kwenye kitabu, yeye mwenyewe alisikia kikisomwa. Watu wakaitikia. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kila aliyepita kunipa mkono aliniambia mama yako alikuwa mkweli.

Nikasema ndiyo, alikuwa mkweli. Na nilikuwa nasema kweli, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na sababu ya kuniamini ila ule uongo niliousoma daftarini.